Primus ya Nkambo: Tuiuzishe ao Tuitengeneze?



Katika nyumba za wazee hapa Kolwezi, na vilevile Likasi na Kambove, mara nyingi chini ya kitanda ao nyuma ya gunia la makala kuna chombo kimoja kidogo. Kina miguu mitatu, tumbo la mviringo na pompi ndogo pembeni. Kimeshikwa na kutu na uchafu wa kijani. Ni Primus. Hatusemi ile Primus ya chupa inayouzwa kwenye nganda, hapana. Tunasema Primus ya kupikia, ile ambayo wasafiri walibeba porini na mama zetu wakachemshia chai.

Leo watoto wanajua uzito wake tu. Mnunuzi wa mitraye anapita na mizani, na kijana anasema: "Mama, hii kintu iko na kutu, tuuzishe tu." Mama anajibu: "Uuzishe, inafanya nini humu?" Kwa dakika mbili chombo kimeenda.

Mungoje kwanza. Primus yenye kutu mara nyingi inaweza kupona. Lakini kuna kutu ya kusugua na kuna kutu ya kuogopa. Mtu asiyejua kuzitenganisha atatupa chombo kizuri, ao atawasha hatari ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ilitoka wapi?

Mwaka 1892, huko Stockholm katika inchi ya Sweden, fundi Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko la petroli lisilo na utambi. Majiko ya mbele yake yalikuwa na utambi kama taa, yakatoa moshi na masizi. Lindqvist alifanya hivi: hewa ya pompi inasukuma petroli ipande kwenye kichwa cha moto, kichwa kikiwa na joto kali, petroli inageuka mvuke, mvuke unatoka kwa nguvu katika kitundu kidogo sana, unachanganyika na hewa, unawaka rangi ya buluu. Sufuria inabaki safi.

Jiko hilo lilizunguka dunia. Roald Amundsen wa Norway alifika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, na Primus ndiyo ilimyeyushia teluji apate maji ya kunywa. Edmund Hillary na Tenzing Norgay walikuwa nayo kwenye mlima Everest mwaka 1953. Hata Afrika ilienea sana, mpaka kila jiko la namna ile likaitwa Primus, hata kama fabriki ni ingine.

Tena kuna jambo linalotugusa sisi watu wa migodi. Tumbo la Primus ya zamani ni la shaba ya manjano. Na shaba ya manjano ni nini? Ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki. Shaba ndiyo kazi ya Kolwezi. Zinki inatoka Kipushi, ambako kazi ilisimama mwaka 1993 na ikaanza tena mwaka 2024. Mawe ya namna hiyo yanaondoka kwetu kwa gari la moshi na kwa kamio, yanageuka chombo huko mbali, chombo kinarudi, halafu tunakiuzisha kwa kilo kama jiwe. Ni hesabu ya namna gani hiyo?

Kutu gani hii?

Shaba ya manjano haishikwi na kutu nyekundu. Inageuka nyeusi, ao inatoa kijani. Hiyo ni ya juu tu, inasuguliwa. Kutu nyekundu utaikuta kwenye miguu, kwenye duara la kuwekea sufuria, na kwenye fimbo ya pompi, kwa sababu hivyo ni vyuma. Hiyo pia inasuguliwa.

Lakini ukiona tenki yenyewe iko na kutu nyekundu, ujue ni tenki ya chuma. Hapo uwe na akili. Kwaruza kwa msumari. Kama chini ya kutu chuma ni laini na kigumu, kuna matumaini. Kama msumari unaingia, ao kuna vishimo-vishimo, kutu imekula ndani. Tenki hiyo itajazwa hewa ya nguvu na kukaa chini ya moto. Usiihurumie. Hiyo ndiyo ya mitraye.

Kazi yenyewe

1. Mwaga mafuta yote ya zamani, mbali na moto na mbali na mwenye kuvuta sigara. Osha ndani kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu ao ine. Kausha kwenye jua siku mbili. Usiiweke tenki juu ya mbabula ili ikauke upesi: mvuke wa petroli iliyobaki unaweza kulipuka, na viungo vingine vya tenki vimeshikwa kwa risasi inayoyeyuka.

2. Fungua vyuma vyenye kutu, uviloweshe ndani ya siki usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa brosi ya chuma, suuza kwa maji yenye bikarbonati ao majivu ili kuua ukali wa siki, kausha palepale, pakaa mafuta kidogo. Ukiviacha na maji, kutu inarudi kabla ya saa sita.

3. Shaba usiiloweshe usiku kucha! Siki inatoa zinki ndani yake, shaba ya manjano inageuka nyekundu-nyekundu na kuwa dhaifu. Chukua ndimu na chumvi, ao majivu yaliyochungwa, sugua kwa kitambaa dakika chache, suuza. Usitumie tupa wala karatasi ya mchanga kwenye tenki, maana ukuta wake ni mwembamba.

4. Tazama pompi. Ukivuta na kusukuma bila kusikia upinzani, mara nyingi shida ni kile kikombe kidogo cha ngozi kwenye mwisho wa fimbo. Kimekauka. Kiloweshe kwenye mafuta ya mashine mpaka kilainike, kifungue midomo yake kwa vidole. Kama kimepasuka, kata kingine kwenye ngozi ya kiatu cha zamani, ngozi ya kweli, si plastiki. Mafuta ya mawese hayafai: kwetu hapa, kwenye metre zaidi ya 1400, usiku wa mwezi wa sita yanaganda.

5. Badilisha mipira ya kuziba, hasa ule wa kifuniko cha kujazia. Utafute mpira usiolika na mafuta, kama ile ya mafundi wa motokari. Mpira wa chambre à air unavimba ukiguswa na petroli. Usidharau kiduara kidogo cha kuziba. Kapteni Scott wa Uingereza, aliyefika Ncha ya Kusini mwezi wa kwanza 1912 nyuma ya Amundsen, alikuta njiani katika kurudi kwamba mafuta katika mikebe yake yamepunguka. Wanaochunguza habari zile wanasema vizibo vya ngozi viliachilia mafuta katika baridi. Amundsen alikuwa amefunga mikebe yake kwa kulehemu. Scott na wenzake ine hawakurudi. Mafuta si sababu pekee, lakini ilikuwa mojawapo.

6. Safisha kile kitundu kidogo ambacho mvuke unatokea. Tumia sindano yake maalum, ao uzi mmoja mwembamba sana wa waya. Usitumie sindano ya kushonea. Kitundu kikipanuka, moto unakuwa wa manjano na masizi yanarudi.

Jaribio la beseni

Sasa kabla ya kiberiti, maji. Funga Primus yote ikiwa tupu bila mafuta, ziba kitundu cha juu, piga pompi mara kumi, zamisha tenki ndani ya beseni. Ngoja. Mapovu yakitoka kwenye kifuniko, kaza ao badilisha mpira. Yakitoka kwenye pompi, kile kifungo kidogo cha ndani kinachozuia hewa kurudi kimechoka, mpelekee fundi. Yakitoka kwenye ukuta wa tenki ao kwenye mshono wake, basi, kazi imeisha. Usizibe kwa gundi wala kwa sabuni. Hakuna gundi ya soko inayoweza kusimama mbele ya moto na hewa pamoja.

Petroli si esanse

Hapa tunasema na kila mtu, hata mtoto. Primus hii inakula petroli, ile ya taa. Haikuli esanse ya motokari, hata kidogo. Esanse inageuka mvuke upesi mno, na Primus ya petroli ikipewa esanse inaweza kulipuka. Kwenye barabara zetu vyote viwili vinauzishwa katika chupa zilezile za plastiki, na wakati mwingine muuzaji anachanganya. Mimina tone kwenye sahani nje. Esanse inakauka haraka na harufu yake inapiga pua. Petroli inabaki na unyevu wa mafuta. Ukiwa na shaka, usiwashe.

Kuna majiko mengine madogo ya safari yaliyotengenezwa kwa esanse tangu mwanzo, kama Svea 123, ambayo kifuniko chake kiko na tundu la usalama. Hayo ni ya namna yake. Usichanganye.

Na ile chupa ya petroli, iweke juu, mbali na watoto. Mtoto akinywa petroli, usimtapishe: ikirudi, inaingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali mara moja.

Kuwasha na kuzima

Jaza petroli isipite robo tatu ya tenki. Fungua kile kivisi cha hewa. Mimina alkoli katika kikombe chini ya kichwa cha moto, washa, subiri kichwa kishike joto. Alkoli ikikaribia kuisha, funga kivisi na piga pompi polepole. Moto wa buluu na mlio wa vuuu: vizuri. Moto mrefu wa manjano: kichwa hakijashika joto, fungua kivisi haraka, hewa itoke, uanze tena. Mara ya kwanza washa nje, si ndani, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Siku zote fungua dirisha, kwa sababu moto wa petroli, sawa na wa makala, unaweza kuua walio katika chumba kilichofungwa.

Inafaa kwa nini?

Tuseme ukweli. Primus haitafukuza mbabula. Ukisonga bukari ya watu wanane juu yake, mwiko utaiangusha. Sombe nayo inataka saa nyingi. Lakini chai ya mfanyakazi wa poste ya usiku, uji wa mtoto mgonjwa saa tisa za usiku umeme ukiwa umekatika, hapo makala yatachelewa na Primus itakuwa tayari kwa dakika chache. Na kila kikapu cha makala kinachopunguka kinasaidia miti ya miombo kubaki imesimama.

Kwa vijana kuna faida ingine. Anayeweza kufungua pompi hii na kuifanya ishike hewa, amekwisha kuelewa jambo ambalo liko katika karburateri ya pikipiki na katika mashine kubwa za mgodi: hewa, mafuta, joto, na muhuri usiovuja.

Basi mnunuzi wa mitraye akipita, mwambieni arudi kesho. Beseni la maji liamue kwanza. Tenki ikitoa mapovu, mizani ipime. Isipotoa, mtoto amwite nkambo, akae karibu, amwonyeshe namna ya kuwasha.