Gari Kuukuu Uwanjani: Kalafati Kwanza, Tanga Baadaye

Nahodha apendaye mwendo hutamani tanga kubwa. Lakini nahodha aijuaye kazi yake hatweki tanga jipya juu ya jahazi linalovuja. Hulipandisha pwani, akalikalafati, ndipo azungumze habari za tanga. Hekima hiyo ya wazee wetu yawafaa sana vijana wa siku hizi wapendao magari ya mbio ya zamani.

Jamaa yangu mmoja, mzaliwa wa Mombasa afanyaye kazi Dubai, anayo Datsun 240Z iliyoundwa mwaka 1972. Amekusudia kuipeleka Dubai Autodrome, uwanja uliofunguliwa mwaka 2004, ambao mzunguko wake mrefu ni kilomita 5.39. Fedha alizojinyima zatosha jambo moja tu. Yeye ataka kabureta tatu za Weber ili gari lizidi nguvu. Aliponiuliza rai yangu nilimwambia hapana, na sababu zangu ni hizi.

Gari hili si geni kwetu. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na likashinda tena mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Tangu hapo wengi huamini kwamba injini yake haifi. Ni kweli ni injini ngumu, yenye silinda sita zilizopangwa safu moja na ujazo wa sentimita 2,393 za mraba-tatu. Lakini magari yale yalikuwa mapya, na mafundi wa kiwanda wakiyangoja njiani. Hili la jamaa yangu limepita miaka 50. Tena mateso ya Safari ni mashimo, vumbi na tope. Mateso ya uwanjani ni kona ndefu, na injini kulia kwa sauti ya juu mzunguko baada ya mzunguko bila kupumua.

Adui wa kwanza ni kona. Oili ya injini hii hukaa katika bakuli lililo chini, na pampu huifyonza kutoka humo. Wasomaji waliopanda jahazi wanajua jinsi maji ya ngamani yanavyokimbilia upande mmoja chombo kinapolala. Oili nayo hufanya vivyo hivyo gari liingiapo kona kwa kasi. Pampu ikifyonza hewa, beringi za konrodi hubaki kavu, na sekunde chache zatosha kuziharibu. Dawa yake ni kufungua bakuli hilo na kutia ndani kuta ndogo zenye vilango vifungukavyo upande mmoja, ili oili iweze kuingia katikati lakini isiweze kukimbia. Kisha dereva aitazame geji. Kanuni ya mafundi wengi ni ratili 10 za msukumo, kwa kila inchi ya mraba, kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Sindano ikianguka katikati ya kona, aondoe mguu.

Adui wa pili ni joto, na huko Ghuba joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Rejeta ya zamani hata isipovuja huwa imeziba ndani kwa kutu. Basi isafishwe au ibadilishwe, na pamoja nayo mipira yote ya maji, themostati na pampu ya maji. Kichwa cha injini hii ni cha alumini, nacho kikichemka sana hupinda. Rejeta ndogo ya kupoza oili pia si anasa, maana oili iliyopata moto kupita kiasi huwa nyepesi kama maji.

Kuna na jambo ambalo wengi hawaliangalii. Katika injini hii kabureta na bomba la moshi viko upande mmoja, kabureta zikiwa juu ya moto. Petroli yaweza kuchemka ndani yake, na gari likakohoa au kuzimika. Bati la kukinga joto, mipira mipya ya petroli na kuipitisha mbali na moto huondoa udhia huo kwa gharama ndogo.

Mwisho ni puli ya mbele ya krankishafti. Kati ya kitovu chake na pete ya nje mna mpira wa kumeza mitetemo. Mpira huo ukizeeka, pete huteleza, na mitetemo yote huirudia krankishafti. Injini inayozungushwa sana haiwezi kustahimili hayo. Puli mpya ni lazima.

Lakini kabla ya kununua hata nati moja, apime kompresheni ya kila silinda. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko ndugu zake, mengine yote ni kupaka rangi nyumba yenye ufa.

Jamaa yangu alinijibu kwamba wenzake watamcheka, kwa kuwa magari yao yananguruma kuliko lake. Nikamwambia kicheko hakipasui injini. Konrodi iliyokatika ndiyo ipasuayo, tena hutoboa ubavu wa injini yenyewe, na injini yenye nambari iliyotoka nayo kiwandani haipatikani tena dukani. Wala hasara si yake peke yake. Oili hiyo yote humwagika barabarani, na nyuma yake yuaja mtoto wa mtu mwingine kwa kasi, asiyejua lolote, akiiamini lami iliyo mbele yake.

Kabureta tatu zitangoja mwaka mwingine. Mwaka huu fedha zake zinunue oili, maji na roho ya yule ajaye nyuma.