Umemetuli Dhidi ya Vumbi la Pamba

Msimu wa pamba ukifunguliwa mkoani Simiyu, Tanzania, malori hushusha pamba mbegu kwenye viwanda vya kuchambulia vya Bariadi na wilaya jirani. Mitambo inapotenganisha nyuzi na mbegu, vumbi hutanda. Manyoya ya pamba yanaonekana kwa macho. Yanayotisha zaidi ni chembe ndogo zisizoonekana, zinazopenya hadi ndani ya mapafu zikiwa na sumu za bakteria waliokuwa kwenye mmea. Anayezivuta kwa miaka anaweza kupata bisinosisi. Ugonjwa huu huanza kwa kubana kifua siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, na usipodhibitiwa huharibu pumzi kabisa.

Umemetuli, yaani umeme wa chaji zilizotulia, unaweza kuzinasa chembe hizo. Frederick Cottrell wa Marekani alipata hataza ya mtambo wa kunasa vumbi kwa njia hiyo mwaka 1908. Waya mwembamba wenye maelfu ya volti huigeuza hewa iliyo karibu nao kuwa ioni, ioni hulipatia vumbi chaji, na vumbi huvutwa kwenye bamba lenye chaji kinyume. Kasoro yake ni ozoni, gesi inayozaliwa humo humo na kuunguza mapafu.

Hapo ndipo zinapoingia nanotyubu za kaboni, mirija ambayo unywele wa binadamu huizidi unene mara maelfu. Sumio Iijima wa Japani ndiye aliyewafanya wanasayansi wazitazame kwa makini mwaka 1991. Nguvu ya umeme hulundikana penye ncha kali, na ncha za mirija hii ni kali mno. Zikipandikizwa kwenye waya, ioni huanza kutoka kwa volteji ndogo zaidi, na ozoni inaweza kupungua.

Hata hivyo, nisingeshauri kifaa hiki kiwekwe kando ya mashine za kuchambulia. Cheche moja kwenye manyoya ya pamba ni moto. Pia nanotyubu zikibanduka huvutwa na watu: mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina moja yake miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani.

Wenye viwanda, anzeni na mabomba ya kufyonza vumbi linapozaliwa, saikloni (vyombo vinavyotenga vumbi kwa kuzungusha hewa) na mifuko ya kuchujia, na muisafishe kwa ratiba. Umemetuli ufuate baadaye, kwenye vyumba visivyo na manyoya. Muuzaji akija, mdaini vipimo vya ozoni na uthibitisho kwamba mirija yake haibanduki.