Bakteriofaji: Kutoka Kwenye Udongo Hadi Hospitalini

Watahiniwa wengi huandika kwamba virusi vyote hushambulia binadamu. Si kweli. Bakteriofaji, au faji kwa kifupi, ni virusi vinavyoshambulia bakteria tu. Frederick Twort alivieleza mwaka 1915 na Félix d'Hérelle mwaka 1917, kila mmoja kwa utafiti wake.

Faji hufanyaje kazi?

Faji hujishikiza kwenye ukuta wa seli ya bakteria na kuingiza DNA yake ndani. Baada ya hapo kuna njia mbili:

(a) Njia ya kupasua. Faji huilazimisha seli kutengeneza faji nyingi mpya. Mwishowe seli hupasuka na kufa, na faji mpya hutoka kutafuta seli nyingine.

(b) Njia ya kujificha. DNA ya faji hujiunga na DNA ya bakteria na kurithishwa kila seli inapogawanyika. Bakteria huendelea kuishi.

Kumbuka pia kwamba faji huchagua. Inayoua aina moja ya bakteria huenda isiiguse aina nyingine.

Hatua za kugundua faji

Mwaka 2008 ulianza nchini Marekani mpango wa SEA-PHAGES, unaohusishwa na Profesa Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Wanafunzi wanaoanza shahada ya kwanza hutafuta faji kwenye udongo. Bakteria anayetumika sana ni *Mycobacterium smegmatis*, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, ambaye kwa kawaida hasababishi ugonjwa. Hatua ni hizi:

1. Kuchukua sampuli ya udongo au mboji na kuandika mahali ilipotoka.
2. Kuichanganya na kimiminika, kisha kuichuja kwa kichujio chenye matundu madogo sana. Bakteria hubaki juu, faji hupita.
3. Kuchanganya kilichopita na bakteria waliooteshwa maabara, na kumwaga mchanganyiko kwenye sahani ya agari.
4. Kuiacha sahani kwenye joto linalofaa kwa siku moja au mbili. Bakteria huota kama utando mweupe. Palipo na faji huonekana doa, kwa sababu bakteria wa hapo wamekufa.
5. Kuchukua faji kutoka doa moja na kurudia kazi mara kadhaa, ili ibaki faji ya aina moja.
6. Kuitazama kwa hadubini ya elektroni, kusoma DNA yake na kuipa jina.

Usisahau sahani ya ulinganisho, yenye bakteria bila sampuli. Bila hiyo, huwezi kuthibitisha kwamba doa limesababishwa na faji.

Kazi hii ina faida gani?

Mwaka 2010, mwanafunzi wa shahada ya kwanza mjini Durban, Afrika Kusini, alipata faji kwenye biringanya lililooza ndani ya mboji. Iliitwa Muddy, ikahifadhiwa kwenye jokofu la maabara pamoja na maelfu ya nyingine.

Miaka minane baadaye, msichana wa miaka 15 alikuwa akitibiwa jijini London. Baada ya kupandikizwa mapafu, alienewa na bakteria *Mycobacterium abscessus*, na antibiotiki zilishindwa. Maabara ya Hatfull ilijaribu faji zake dhidi ya bakteria wa mgonjwa huyo. Muddy iliwaua vizuri. Faji nyingine mbili, BPs na ZoeJ, zilikuwa za kujificha, hivyo wanasayansi waliondoa jeni inayoziwezesha kufanya hivyo. Mwaka 2018 msichana alianza kupewa faji zote tatu. Vidonda vyake vilianza kufunga na ini likafanya kazi vizuri zaidi. Ripoti ilichapishwa mwaka 2019.

Aliyekwangua biringanya hakumjua mgonjwa huyo. Alichofanya ni kufuata hatua zote na kuandika kumbukumbu sahihi. Ndiyo maana faji yake ilipohitajika, ilikuwepo na ilijulikana ni ipi.

Jipime

*Swali:* Sahani A ina madoa angavu. Sahani B ina madoa yenye ukungu. Faji ya sahani ipi inafaa zaidi kwa tiba? Toa sababu.

*Jibu:* Ya sahani A. Doa angavu linaonyesha kwamba bakteria wamepasuliwa. Ukungu kwenye sahani B unaonyesha kwamba baadhi yao wamesalia hai, huenda wakiwa na DNA ya faji iliyojificha ndani yao.