Njia Ikifungwa, Nani Aliyeifunga?

Ipo kauli moja ambayo twaisikia kila siku midomoni mwa watu, nayo ni hii: "Hii ni mali ya umma." Anayekwenda kuitunza mali hiyo huitamka, na anayekwenda kuiharibu huitamka vile vile. Wa kwanza ana maana kwamba mali ile ni ya wote, kwa hiyo kila mmoja anao wajibu juu yake. Wa pili ana maana kwamba mali ile haina mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kumwuliza. Tofauti baina ya watu wawili hawa ndiyo twataka kuizungumza leo. Mfano tutakaoutumia twautoa mbali, katika nchi ya Marekani, ambako kwa zaidi ya miaka hamsini wananchi wamekuwa wakishindana juu ya njia za magari katika ardhi ya umma: zipi ziachwe wazi, zipi zifungwe, na nani mwenye haki ya kuamua.

Huenda msomaji akauliza kama Marekani, nchi inayosifu sana mali ya mtu binafsi, inayo ardhi ya umma. Naam, inayo, tena kubwa mno. Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya serikali kuu ya nchi ile huangalia peke yake ekari zipatazo milioni 245. Tanzania yetu nzima, Bara na Visiwani, pamoja na maziwa yake, haifiki ekari milioni 240. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo imo katika majimbo ya magharibi. Ilikuwa ya wenyeji wa asili kabla ya kutwaliwa, na michoro yao ya kale ingali juu ya miamba. Leo ni majangwa, milima na mbuga ambamo raia wa kawaida, asiye na shamba wala nyumba ya mapumziko, aweza kuingia na gari lake, akapiga hema na kulala chini ya nyota. Hiyo ni neema kubwa kwa mfanyakazi, wala hatutaki mtu yeyote aidharau.

Katika jimbo la Utah kuna mji mdogo uitwao Moab, wenye wakazi wapatao elfu tano. Mwaka 1952 mtafuta madini mmoja, Charles Steen, aligundua urani nyingi karibu na mji huo. Serikali ya Marekani wakati ule ilikuwa ikitafuta urani kwa ajili ya silaha zake za nyuklia, nayo ndiyo iliyokuwa mnunuzi. Basi watu walimiminika. Walikuja na matingatinga na magari ya Jeep, yale yaliyoundwa kwa ajili ya vita vya pili vya dunia na kuuzwa kwa raia tangu mwaka 1945, wakachonga njia juu ya majabali na kandokando ya makorongo. Hakuna aliyekaa chini akapanga njia ipite wapi. Kila mtafuta madini alielekea alikodhani bahati yake iko, na nyuma yake akaacha njia.

Urani ilipoporomoka bei, wachimbaji waliondoka, lakini njia zao zilibaki. Mwaka 1967 wafanyabiashara wa Moab walianzisha safari ya magari ya Jeep wakati wa Pasaka, ili kuwavuta wageni. Safari hiyo imeendelea hadi miaka yetu hii, na huvuta maelfu ya watu. Kwa hiyo njia za machimbo zikawa njia za starehe, na mji uliokula urani ukaanza kula utalii. Fundi wa magari, mpishi, mtumishi wa hoteli na kijana wa pampu ya petroli, wote sasa hupata mkate wao kutokana na njia zile.

Mpaka hapo mtu aweza kudhani kwamba hakuna ubaya. Ubaya ulikuja kidogo kidogo. Udongo wa jangwa lile una ganda jeusi juu yake. Mgeni huliona ganda hilo kuwa ni uchafu mkavu tu, kumbe ni kitu chenye uhai. Limefumwa na viumbe vidogo sana ambavyo hushika chembe za mchanga zisipeperushwe na upepo, huhifadhi unyevu wa mvua haba, na hurutubisha udongo ili mimea iote. Gurudumu likipita juu yake mara moja tu, ganda huvunjika, na kupona kwake huchukua miaka makumi, pengine zaidi ya umri wa mtu. Chini ya ganda, udongo hushindiliwa ukawa mgumu. Mvua ikinyesha maji hayanywewi na ardhi, bali hufuata mkondo wa tairi, na mkondo wa tairi hugeuka mtaro, na mtaro hugeuka korongo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; na jangwani hakuna fundi wa kuujenga ukuta huo.

Anayetaka ushahidi na atazame majangwa ya California na Arizona. Mwaka 1942 jeshi la Marekani, likiongozwa na Jenerali George Patton, lilifungua huko uwanja wa kufundishia askari wa vifaru. Mafunzo yalikwisha mwaka 1944. Askari wale wamekwisha kuzeeka na wengi wao wamekufa, lakini alama za minyororo ya vifaru vyao zingali zaonekana mchangani. Jangwa halisahau upesi.

Ndipo serikali yao ilipoanza kuweka kanuni. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alitoa amri kwamba idara zote zinazoangalia ardhi ya umma zitenge mahali ambapo magari yaruhusiwa kupita na mahali ambapo hayaruhusiwi, na kwamba njia zipangwe kwa namna ya kupunguza madhara kwa udongo, maji, mimea na wanyama, na kupunguza ugomvi baina ya watu wenye shughuli mbalimbali. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter aliongeza nguvu amri hiyo: idara ikiona magari yanaleta madhara makubwa mahali fulani, na ipafunge mara moja mpaka madhara yatakapokomeshwa. Nixon na Carter walikuwa wa vyama viwili vinavyopingana, lakini katika jambo hili mmoja alianza na mwingine akaendeleza.

Utekelezaji ulikuwa mgumu. Sheria ya zamani ya mwaka 1866 ilikuwa imeruhusu barabara kukatwa kupita ardhi ya umma. Bunge liliifuta sheria hiyo mwaka 1976, lakini likaziacha haki zilizokwisha kupatikana. Kutokana na mlango huo, Jimbo la Utah lilikwenda mahakamani, na kufikia mwaka 2012 lilikuwa likidai barabara zaidi ya 12,000. Serikali ya jimbo yasema: hizi ni barabara zetu za siku nyingi. Wapinzani wajibu: nyingi ya hizo ni mikondo ya tairi tu, wala hazikupata kuwa barabara.

Septemba 2023 Idara ya Usimamizi wa Ardhi ilitoa uamuzi juu ya eneo la Labyrinth na Gemini Bridges, karibu na Moab. Ilizipima njia zenye urefu wa zaidi ya maili 1,100. Kati ya hizo ilizifunga maili 317 zisipitiwe na magari, nazo zaidi ya maili 800 zikabaki wazi, nyingine kwa masharti. Mara moja kelele zilizuka. Vyama vya wenye magari vilipinga, na Jimbo la Utah likapinga. Watetezi wa mazingira, kwa upande wao, walishangilia kwamba waendao kwa mitumbwi katika Mto Green wangepata utulivu, na kondoo mwitu wa majabalini wangepumua. Ubishi haukuishia mwaka ule.

Sisi twasema nini? Kwanza, twakataa kumcheka mwenye gari analalamika. Katika malalamiko yake mna hoja za haki. Mzee aliyefanya kazi ya mikono miaka arobaini, ambaye magoti yake hayawezi tena kupanda mlima, hufika kwenye kilele kwa gari au hafiki kabisa. Mfanyakazi mwenye Jumapili moja ya kupumzika hana nafasi ya kutembea kwa miguu siku tatu. Ukifunga njia bila kumsikiliza mtu kama huyo, umeigeuza ardhi ya umma kuwa bustani ya wenye wakati na wenye afya. Kwa hiyo ofisi inayofunga njia inao wajibu mzito. Na iitaje njia hiyo kwa ramani, na ieleze sababu yake kwa ushahidi, na iwasikilize wananchi kabla ya kukata shauri, wala si baada yake. Tena na isifunge njia kwa kuwa tu ni rahisi kuifunga kuliko kuitengeneza. Kibao cha "Hapapitiki" kisichokuwa na maelezo huwafundisha watu kuking'oa.

Lakini pili, na hili ndilo kubwa, twauliza: njia ikifungwa, nani hasa aliyeifunga? Karani alitia sahihi tu. Mara nyingi aliyeifunga ni yule dereva aliyekuta tope akalizunguka, na mwenzake akalizunguka zaidi, mpaka njia ya gari moja ikawa pana kama uwanja wa mpira. Aliyeifunga ni yule aliyepanda kilima kisicho na njia ili apigwe picha. Aliyeifunga ni yule aliyeacha makopo, akakata ua la mfugaji, akawasha moto na kuuacha unafuka. Watu mia wenye adabu wakipita, hakuna ajuaye kwamba walipita. Mmoja asiye na adabu akipita, jambo lake hujadiliwa katika ofisi. Samaki mmoja akioza huoza wote. Dereva mwovu humwibia udongo umma mzima, kisha humwibia njia dereva mwenzake.

Wenye hekima miongoni mwa madereva wa Marekani wamelitambua jambo hilo, nao hufundishana mwenendo mwema. Mafunzo yao ni mepesi, na yafaa kwa kila mtu anayeshika usukani wa gari la magurudumu manne, kokote aliko. Baki katika njia iliyopo. Ukikuta jiwe au tope, lipite juu au rudi ulikotoka, usilizunguke. Mvua ikiwa imeilainisha njia, ngoja ikauke. Tia gia ya magurudumu manne kabla ya kukwama, wala si baada ya kukwama, kwa maana tairi linalozunguka mahali pamoja huchimba shimo. Mchangani punguza upepo wa tairi na uende polepole. Mto uvuke kivukoni tu, kwa kuukata moja kwa moja, wala usiufanye kuwa barabara. Ukivuta gari kwa waya, mti ufunge kwa mkanda mpana usiuchune ganda. Lango uliloliona limefungwa, lifunge. Uliloliona wazi, liache wazi. Na taka ulizokuja nazo, rudi nazo.

Tumesema mfano wetu ni wa mbali, lakini tairi halijui mipaka. Nyumbani kwetu gari la magurudumu manne ni chombo cha kazi: cha bwana shamba, cha mganga, na hasa cha dereva wa watalii. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni marufuku gari kuacha njia. Kila dereva aijua kanuni hiyo. Lakini nyuma yake ameketi mgeni aliyelipa fedha nyingi, naye amemwona chui chini ya mti, mita mia mbili kutoka barabarani, na mkononi ana bakshishi. Hapo ndipo kanuni hupimwa. Julai 2025 picha za watalii walioshuka magarini na kuwazuia nyumbu wasiufikie mto, huko Kogatende kaskazini mwa Serengeti, zilienea duniani kote na kutuaibisha. Mgeni hupanda ndege akaenda zake. Dereva ndiye anayebaki kutozwa faini na kupoteza kazi, na nyasi zilizovunjwa hubaki kwetu.

Kwa hiyo twasema wazi kwamba dereva asiachwe peke yake katika jaribu hilo. Mwajiri anayemwambia mfanyakazi wake "hakikisha mgeni ameridhika", kisha akajifanya haoni gari likikata mbuga, huyo ni mshiriki wa kosa. Na amweleze mgeni kanuni kabla safari haijaanza, tena kwa maandishi, ili dereva akikataa awe anatekeleza amri ya kazi, asionekane mkaidi. Nao madereva wenyewe, katika vyama vyao, na waonyane. Mwenzako anapoacha njia, usimfuate kwa kuogopa wageni wako watanung'unika. Gari la kwanza hufanya kosa. La kumi hufanya barabara.

Umma hauna miguu ya kwenda kuilinda kila ekari yake, wala hauna askari wa kusimama chini ya kila mti. Ulinzi wake ni dhamiri ya mtu aliye peke yake porini, pasipo wa kumwona, naye akakata shauri kubaki katika njia. Nchi yenye watu wa namna hiyo itahitaji vibao vichache, na njia zake zitabaki wazi kwa wajukuu. Nchi isiyo nao itafunga njia moja baada ya nyingine, na kila mmoja atamlaumu karani.