Sahani ya Mtoto Asiyekula Nyama

Katika shule nyingi za bweni za Tanzania na Kenya, chakula cha juma zima hujulikana hata kabla ya kengele kulia: uji asubuhi, ugali na maharage mchana, makande au ugali na maharage jioni. Nyama huja mara moja au mbili kwa juma, nayo huja na shangwe. Siku hiyo foleni ya bwalo huanza mapema, na macho yote huufuata upawa wa mpishi. Ndipo huonekana mwanafunzi mmoja au wawili wanaoomba wapewe kitu kingine. Wenzao hucheka, mpishi hununa, na mwalimu wa zamu hujikuta akiamua jambo ambalo hakulisomea chuoni: je, mtoto huyu alazimishwe kula kwa faida ya afya yake, au aachwe?

Hata lugha yenyewe haimsaidii mtoto huyo. Kwa wasemaji wengi wa bara, mboga ni kitu chochote kiliwacho pamoja na ugali au wali, iwe mchicha, iwe dagaa, iwe nyama ya ng'ombe. Mtoto akisema "mimi hula mboga tu", mpishi humpakulia nyama kwa moyo mweupe.

Watoto wa namna hii si wageni Afrika Mashariki. Familia za Wajaini zilizotoka Gujarat, ambazo zimeishi Nairobi na Mombasa kwa vizazi kadhaa, hazili nyama, samaki wala mayai, na walioshika dini sana huacha hata vitunguu na viazi kwa kuwa huota chini ya udongo. Lakini hunywa maziwa na kula mtindi. Wahindu wengi wana desturi iliyo karibu na hiyo. Wasabato, ambao kanisa lao lilianza kazi Upareni mwaka 1903, huruhusiwa nyama za aina fulani, ila wako miongoni mwao ambao wameziacha zote kufuata mafundisho ya afya ya kanisa. Na liko kundi la nne, kubwa kuliko yote hayo, ambalo halitajwi katika mijadala hii: watoto wasiokula nyama kwa sababu nyumbani hakuna fedha ya kuinunulia.

Hofu ya kwanza ya wazazi na walimu huwa juu ya protini. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika koloni la Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto ambao sisi huuita unyafuzi: miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, ngozi hubabuka. Kwa miaka mingi baadaye wataalamu wengi waliamini kwamba tatizo kuu la lishe ya watoto katika nchi maskini ni upungufu wa protini peke yake, na kwamba dawa yake ni maziwa ya unga, samaki na nyama. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika makala makali katika jarida la Lancet akiyashutumu mawazo hayo. Mtoto asiyeshiba, hata akipewa protini nzuri namna gani, mwili wake huichoma kama kuni ili kupata nguvu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni chakula cha kutosha.

Hesabu ya sahani ya shule yaweza kufanywa ubaoni. Mtoto wa miaka 9 mwenye uzito wa kilo 30 huhitaji gramu 28 hivi za protini kwa siku. Unga wa mahindi wa gramu 300 una kiasi cha gramu 25, na maharage makavu ya gramu 100 yana gramu 21 au zaidi. Hata tukikubali kwamba sehemu fulani haimeng'enywi vizuri tumboni, bado zinazobaki zatosha. Juu ya hayo, vyakula hivi viwili hukamilishana. Mahindi ni haba kwa asidi amino iitwayo laisini, na maharage yana nyingi. Maharage ni haba kwa methionini, na mahindi yanayo. Mabibi waliobuni makande hawakuwa na maabara, lakini chungu chao kilikuwa sahihi.

Basi mwalimu anayemlazimisha mtoto kula nyama "apate protini" hubishana na hesabu. Mahali penye hatari ni pengine kabisa, napo hapasikiki sana katika mabishano ya bwaloni.

Vitamini B12 haitengenezwi na mmea wowote, wala na mnyama yeyote. Hutengenezwa na bakteria, ambao huhitaji madini ya kobalti ili kuiunda. Wanafunzi hupenda kuuliza mbona ng'ombe ana nguvu na hali nyama. Jibu ni kwamba ng'ombe amebeba kiwanda chake mwenyewe, bakteria wa tumbo la kwanza, nao humtengenezea vitamini hiyo kabla chakula hakijafika utumboni kufyonzwa. Sungura hana tumbo la namna hiyo, kwa hiyo hula tena kinyesi chake laini cha usiku, jambo ambalo kila afugaye sungura amewahi kuliona na pengine kulionea kinyaa. Binadamu naye anao bakteria hawa, lakini wanaishi katika utumbo mpana, chini ya mahali ambapo vitamini hufyonzwa. Anachotengenezewa humpita.

Ugonjwa uletwao na upungufu huu ulikuwa ukiua watu hadi mwaka 1926, George Minot na William Murphy wa Marekani walipoonyesha kwamba kula maini kwa wingi kulirudisha damu ya wagonjwa. Dawa yenyewe iliyomo katika maini ilipatikana safi mwaka 1948, na Dorothy Hodgkin wa Uingereza alilikamilisha umbo lake mwaka 1956 kwa miali ya eksirei. Kiasi kinachohitajiwa ni kidogo mno: mikrogramu moja na nusu hivi kwa siku kwa mtoto wa shule ya msingi. Kikombe cha maziwa hutoa karibu mikrogramu moja, na yai moja hutoa nusu yake.

Udogo huo ndio unaodanganya. Mtu mzima huweka akiba katika ini ambayo yaweza kumtosha miaka kadhaa, hivyo anayeacha nyama, maziwa na mayai akiwa na miaka 30 hujiona mzima, na kuhitimu kwamba yanayosemwa ni vitisho tu. Mtoto mchanga hana akiba hiyo, hasa akizaliwa na kunyonyeshwa na mama ambaye naye amepungukiwa. Kuna jambo jingine la kutahadhari. Maharage na mboga za majani zina foleti nyingi, nayo foleti huweza kuificha dalili ya damu: chembechembe nyekundu huonekana hazina kasoro, ilhali mishipa ya fahamu inaendelea kudhurika kimyakimya. Mtoto hufa ganzi vidoleni, huchoka, husahau masomo, na shuleni huandikwa mvivu.

Uholanzi, katika miaka ya 1980, watafiti walifuatilia watoto wa familia zilizofuata mlo uitwao makrobayotiki, wenye nafaka, kunde na mboga lakini karibu bila maziwa wala nyama. Ukuaji wao ulikuwa umerudi nyuma, hasa baada ya kuanza kuachishwa ziwa. Familia zilishauriwa kuongeza maziwa na samaki, na nyingi zilifanya hivyo. Hata hivyo, baadhi ya watoto hao walipopimwa tena wakiwa vijana, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba waliokuwa na upungufu wa B12 walikuwa nyuma katika majaribio ya kufikiri na ya kumbukumbu. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa California uliochapishwa mwaka 1991 uliwapima watoto wa shule za Kisabato, wasiokula nyama lakini wanaotumia maziwa na mayai, nao hawakuwa wafupi kuliko wenzao.

Utafiti unaotuhusu zaidi ulifanyika Embu, nchini Kenya, kati ya mwaka 1998 na 2000, chini ya Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Shule 12 za msingi ziligawanywa katika makundi manne. Watoto wa darasa la kwanza katika kundi moja walipewa githeri, ndugu wa makande, yenye nyama ya kusaga. La pili githeri na maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta ili nguvu zake zilingane na za wengine. La nne halikupewa chakula. Hawa walikuwa watoto wa kundi lile lisilotajwa: nyumbani kwao nyama ilikuwa nadra, na wengi walikutwa na upungufu wa B12 tangu mwanzo. Upungufu huo ulipungua sana katika makundi ya nyama na ya maziwa. Lakini katika jaribio la kufikiri kwa kutumia michoro, waliosonga mbele zaidi ni wa kundi la nyama, na uwanjani ndio waliokimbia na kuongoza michezo kuliko wengine. Kundi la maziwa halikulingana nao.

Mwaka 2005 Lindsay Allen, mmoja wa watafiti hao, alisema mbele ya wanasayansi mjini Washington kwamba kuwalea watoto wadogo bila chakula chochote kitokanacho na mnyama si haki, na wasiokula nyama wa Uingereza walikasirika sana. Pande zote mbili zilisema haraka. Watoto wa Embu hawakuwa na meza yenye dengu, mtindi, karanga, matunda na vidonge. Kuwatumia kumhukumu mama wa Kijaini wa Nairobi ni kuchanganya uhaba na uchaguzi. Lakini mtetezi wa mboga naye hawezi kuyapuuza matokeo ya kundi la maziwa, maana yaonyesha kwamba B12 si jambo la pekee. Nyama huleta pia zinki, na madini ya chuma katika umbo ambalo utumbo huyapokea kwa urahisi.

Chuma cha maharage hufungwa na faiteti, ambayo ni akiba ya fosforasi ya mbegu, na chai ya rangi iliyonywewa pamoja na chakula hukifunga zaidi. Tiba yake haihitaji duka la dawa. Kuloweka, kuotesha kimea na kuchachusha, kama watengenezavyo togwa, hupunguza faiteti. Ndimu au pera likiliwa katika mlo uleule huongeza chuma kinachofyonzwa. Na chai yaweza kungoja saa moja.

Yabaki mambo ya bwalo lenyewe. Shule zetu si ngeni kwa sahani zinazotofautiana. Mwezi wa Ramadhani jiko hupika daku na futari, na hakuna Mwislamu anayeulizwa mbele ya darasa kwa nini hali nguruwe. Mtoto asiyekula nyama hahitaji zaidi ya heshima hiyohiyo: asiitwe mbuzi, na asishurutishwe kujieleza kila siku ya nyama. Mzazi naye ana wajibu wa kumwandikia mwalimu mkuu mapema, akitaja waziwazi kama mtoto hutumia maziwa na mayai, kwa maana hapo ndipo hesabu nzima inapobadilika.

Ugenini ni pagumu zaidi, kwa kuwa kuku aliyechinjwa kwa heshima ya mgeni hawezi kukataliwa kwa kichwa tu. Mtoto afundishwe maneno, baada ya shikamoo: "Bibi, ahsante sana, sisi kwetu hatutumii nyama, nipe ugali na maharage, vitanitosha." Mabibi wengi hulipokea vizuri ombi lenye adabu, ingawa huenda wakamsikitikia.

Jikoni, kosa la kawaida ni kumpa mchuzi wa sufuria ya nyama bila minofu, au kutumia upawa mmoja. Maharage yaliyotengwa kabla upawa haujaingia katika sufuria nyingine hayaongezi gharama yoyote. Kwa mtoto asiyetumia hata maziwa wala mayai, hayo hayatoshi: lazima apate vidonge vya B12 au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo, na muuguzi wa shule ajulishwe tangu siku ya kuripoti.