Paul Ngei: deni la Lokitaung na hesabu ya Ukambani

Desemba 1975, Bunge la Kenya lilibadilisha Katiba ya nchi kwa ajili ya mtu mmoja wa Kangundo. Mahakama ya uchaguzi ilikuwa imempata Paul Ngei na hatia ya kumtisha mpinzani wake katika uchaguzi wa 1974, akapoteza kiti, na sheria ikamzuia kugombea tena kwa miaka 5. Mswada wa kumpa rais uwezo wa kusamehe makosa ya uchaguzi ukapitishwa hatua zote siku moja. Rais Jomo Kenyatta akatia sahihi, akamsamehe mfungwa mwenzake wa zamani, na Ngei akarudi kwa wapiga kura wake, akashinda. Tangu hapo tumezoea kusikia kwamba Mzee alikuwa akilipa deni la Lokitaung, gereza walikofungwa pamoja, kwamba waliokula ugali mmoja gerezani hawaachani. Ni maelezo matamu, lakini ushahidi unayakana. Kilichomwokoa Ngei ni hesabu ya kura za Ukambani, na hesabu ile ilipobadilika, msamaha nao ulikwisha.

Mateso yenyewe hayana shaka. Ngei, aliyezaliwa 1923 katika ukoo wa Masaku, yule ambaye mji wa Machakos umechukua jina lake, alikamatwa Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa. Akashtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba na Achieng Oneko, na Aprili 1953 Jaji Ransley Thacker akawahukumu miaka 7 na kazi ngumu. Kati ya hao sita, Mkamba alikuwa yeye peke yake, na jambo hilo lina maana. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi wa mkoloni, na serikali haikuwa imesahau mwaka 1938, Muindi Mbingu alipowaongoza maelfu kutoka Machakos hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo, mpaka gavana akarudi nyuma. Moto wa uasi wa Mau Mau kuvuka kuingia Ukambani lilikuwa jambo la kuogopwa sana. Kumfunga Ngei kulikuwa njia ya kuifungia Machakos nje ya vita. Hivyo hata mkoloni alimpima kwa uzito wa watu waliokuwa nyuma yake, na serikali ya Uhuru ikaurithi mzani huohuo.

Tuwatazame wenzake wa Lokitaung. Kaggia alitetea ardhi ya wasio na mashamba, akapoteza wadhifa wake serikalini 1964, akajiunga na Oginga Odinga katika chama cha upinzani cha KPU 1966, na baadaye akaishi kwa kuendesha kinu cha kusaga unga Kandara. Oneko aliacha uwaziri mwaka huohuo wa 1966, na 1969 akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa ndani hadi 1975. Ndiyo, 1975, mwaka uleule Katiba ilipokunjwa kwa ajili ya Ngei. Kama Lokitaung ingekuwa deni, wadai walikuwa kadhaa, na mmoja wao alikuwa akilipwa kwa kufuli.

Ngei naye aliijua bei yake mapema. Mwaka 1962 alijitenga na chama cha KANU akaunda African People's Party, na katika uchaguzi wa Mei 1963 chama hicho kikapata viti 8. Vilitosha kumwonyesha Kenyatta kwamba Ukambani haikuwa ya kubebwa bure, na kabla ya Uhuru wa Desemba Ngei alikuwa amesharudi KANU, akiwa na nguvu kuliko alipotoka. Kisha likaja suala la mahindi. Njaa ya 1965 ilimkuta akiwa waziri anayesimamia ushirika na soko, na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Chanan Singh ikachunguza, pamoja na mengine, jinsi kinu cha mkewe kule Kangundo kilivyonunua mahindi nje ya utaratibu wa Bodi ya Mahindi. Alisimamishwa kazi, lakini 1966, Odinga alipoondoka serikalini na serikali ikawa inahitaji kila kabila kubwa libaki ndani, Ngei akarudishwa barazani. Wafungwa wawili wa Lokitaung, vinu viwili vya unga: mmoja aliishi kwa jasho la kinu chake, mwingine kinu hakikumzuia kurudi mezani.

Watakaopinga watasema watu wa Kangundo walimchagua wenyewe, tena na tena. Ni kweli, na upendo ule haukuwa wa kununuliwa wote. Lakini kosa lililomwondoa lilikuwa la kutisha mpinzani, yaani kuwapunguzia watu haohao nafasi ya kuchagua. Kumsamehe kwa jina lao ni kuwanyang'anya kinga yao kisha kuwashukuru. Wengine watauliza, na wana haki, kwa nini Ngei asemwe peke yake ilhali wapo waliochukua zaidi ya mahindi. Nakubali. Hata bunge la 1975 halikuwa huru kukataa: Machi mwaka huo mbunge J.M. Kariuki alikuwa ameuawa, na Oktoba wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikuwa wamekamatwa katika viwanja vya Bunge.

Na yeyote anayesema nchi lazima iwaenzi wafungwa wake anasema kweli. Ireland, ambako Éamon de Valera alitoka katika hukumu ya kifo ya 1916 akaja kuwa waziri mkuu na hatimaye rais, ilitunga sheria za pensheni kwa wapiganaji wake mwaka 1924, na 1934 ikawaongeza walioupinga mkataba na Uingereza. Hapo mpiganaji alidai haki yake kwa sheria iliyoandikwa, hata kama serikali ya siku hiyo haikumpenda. Kwetu, Mau Mau iliendelea kuwa kundi haramu kisheria hadi 2003. Aliyelala msituni hakuwa na dirisha la kudai chochote. Aliyekuwa na kura nyuma yake alifunguliwa mlango wa Ikulu.

Mwaka 1990 ndio unaonishawishi kabisa. Mahakama ilimtangaza Ngei kuwa amefilisika kwa madeni, na kwa sheria akapoteza ubunge, na uwaziri ukaenda nao. Miaka yake ya kifungo ilikuwa ileile. Lakini Machakos ilikuwa imepata mtu mwingine wa kuisemea KANU, Mulu Mutisya, na Rais Daniel arap Moi hakuhitaji tena mlango wa Ngei ili kuingia Ukambani. Hakuna mswada uliopelekwa Bungeni safari hii. Ngei alirudi nyumbani, kisukari kikamnyang'anya miguu, na Agosti 2004 akafariki.