Ujumbe Usiosema Kitakachopotea

Kwenye kompyuta za Linux, programu nyingi huletwa na kidhibiti vifurushi: programu maalumu inayojua kila kifurushi kinategemea kipi na kinagongana na kipi, kisha inavipakua, kuvisakinisha na kuvisasisha vyote. Katika Debian na jamaa zake kama Ubuntu, kazi hiyo hufanywa na APT, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Hesabu zake ni makini. Udhaifu wake wa miaka mingi umekuwa kwenye maneno, kwa kuwa humweleza mtumiaji hali ya ndani ya programu, ilhali anachotaka kujua ni kompyuta yake itapatwa na nini na yeye afanye nini.

Gharama ya udhaifu huo ilionekana hadharani Novemba 2021. Linus Sebastian, Mkanada mwenye chaneli kubwa ya teknolojia YouTube, alikuwa akijaribu kuhamia Linux katika video zake. Alitaka kusakinisha Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, mojawapo ya jamaa hizo za Debian. Duka la programu lilipogoma, akatumia amri ya APT kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Vifurushi vya Steam vilikuwa na kasoro wakati huo, na APT ikaona njia moja ya kutimiza ombi: kuondoa mazingira yote ya eneokazi. Ikamwonyesha orodha ndefu ya majina ya vifurushi, ikaonya kwamba vya lazima vitaondolewa, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaiandika. Madirisha na menyu vikatoweka, yakabaki maandishi kwenye skrini nyeusi.

Wengi walisema kosa ni lake, kwani onyo lilikuwa mbele ya macho yake. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Onyo lilitaja majina ya vifurushi. Halikusema kwamba eneokazi litapotea. Tena, mtu aliyezoea kuombwa uthibitisho kila mara huuona kama hatua nyingine ya kawaida. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wa mwaka 2009 kuhusu maonyo ya usalama kwenye vivinjari ulifikia pendekezo linalofaa hapa pia: punguza maonyo yasiyo ya lazima, na palipo na hatari ya kweli, zuia. Wasanidi wa APT walifanya hivyo mwezi uleule. Waliliondoa ombi la kuandika sentensi ya kukubali; sasa APT hukataa kuondoa vifurushi vya lazima mpaka mtumiaji aongeze kwenye amri yake chaguo linaloruhusu jambo hilo waziwazi.

Kuna ujumbe mwingine unaopoteza watu: ule unaomwambia mtumiaji kwamba ameshikilia vifurushi vilivyoharibika, wakati hajashikilia hata kimoja. Mara nyingi chanzo ni matoleo yasiyopatana, pengine kwa sababu aliongeza hazina ya nje. Maskini anaanza kuwinda uharibifu usiokuwepo. Linganisha na ujumbe wa kufuli, unaotokea programu nyingine inapokuwa imeshikilia hifadhidata ya vifurushi. Zamani ulisema kwamba kufuli halipatikani bila kutaja programu iliyolishikilia, na watu wakalifuta faili lake kwa ushauri wa mitandaoni, jambo linaloweza kuvuruga usakinishaji unaoendelea. Matoleo mapya hutaja programu iliyolishikilia. Akiona ni masasisho ya kiotomatiki, mtu anasubiri tu.

Wataalamu nao wana hoja: maneno yakibadilika, hati za amri zinazoyasoma zitavunjika. Jibu lipo tangu 2014, APT 1.0 ilipoleta amri ya apt kwa ajili ya watu, huku apt-get ikiachwa imara kwa ajili ya hati. Uhuru wa kubadilisha sura ya apt bila kuvunja hati ndio uliowezesha APT 3.0 ya mwaka 2025 kupanga majina ya vifurushi kwenye safu, vinavyoingia kwa kijani na vinavyoondoka kwa nyekundu.

Ni kweli kwamba programu haiwezi kujua nia ya mtu. Lakini inajua kwamba ameomba kimoja na vinaondoka makumi, na tofauti hiyo pekee inastahili sentensi ya kwanza: umeomba kuongeza Steam, ukiendelea utapoteza eneokazi lote. Kwa wanaotafsiri programu hizi kwa Kiswahili, hapa pana kazi kubwa kuliko kubadilisha lugha. Mtafsiri hulazimika kuelewa kila neno kabla ya kuliandika upya, hivyo yeye ni miongoni mwa watu wa mwanzo kugundua ujumbe usiosema kitu, na ripoti yake kwa wasanidi inaweza kuunyoosha kwa wasomaji wa lugha zote.